Deni la Masomo Nililolificha

Mwanangu, lipo jambo moja nalikumbuka kila nikipita hospitali ya Flemingsberg, huku ugenini. Leo nakusimulia kwa kuwa nimesikia umeingia kwenye mpango wa kulipa madeni, na simu zetu hupokei tena.

Nilikuwa na umri kama wako, naishi mtaa wa Husby peke yangu. Madeni yalinifika shingoni: samani za mkopo, simu ya mkopo, pesa za kutuma nyumbani. Mshauri wa madeni wa manispaa, mama mmoja mpole, akanisaidia kuomba mpango: kila mwezi nilipe kiasi fulani, kinachobaki kiwe cha kodi ya nyumba na chakula, na miaka ya mpango ikiisha nisamehewe yaliyosalia. Akaniuliza kama kuna deni jingine. Nikasema hakuna. Muongo mimi! Kulikuwa na mkopo wa masomo. Nyumbani walijua nimemaliza uuguzi, kumbe niliacha katikati, na kuutaja mkopo ule niliona ni kujivua nguo. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nikawaona washamba.

Basi ule mkopo haukuingia kwenye mpango, wala haukulala. Ukawa unakula hela ya chakula. Michango ya harusi na misiba ningeitoa wapi? Nikajiambia mkono mtupu haulambwi, nikaacha kwenda kwa watu. Jumamosi nakaa dirishani, nawasikia wa ghorofa ya juu wakicheka na wageni wao, mimi sina hata wa kumwambia chumvi imeniishia. Upweke ule uliniuma kuliko njaa.

Rafiki yangu Furaha, Mkongo wa mtaa wa Hjulsta, akalazwa hospitali hiyo ya Flemingsberg. Wenzetu wakamchangia. Nikasema nitakwenda nikipata cha kushika mkononi. Sikupata, sikwenda, na Furaha akafariki. Kwenye matanga nilijibanza mlangoni, mama yake akaja akanishika mkono. Hakunigombeza.

"Mtoto yangu," akasema, "Furaha alikuwa anakuuliza kila siku. Aliuliza wewe. Hakuuliza franga za mchango."

Nililia mbele za watu. Baadaye nilirudi kwa mshauri nikamweleza yote, wala hakushangaa. Alisema ningeutaja mkopo mapema, ungehesabiwa kabla ya kupanga kiasi. Tukaomba mpango uangaliwe upya, na malipo ya mkopo wa masomo yapunguzwe kulingana na mshahara wangu. Yakapunguzwa. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, dawa ya deni kulipa, lakini kwanza litaje. Taja yote, na la masomo lisibaki, hata kama shule uliikimbia. Usikope kwa siri kuziba pengo. Ukisikia mgonjwa au msiba, nenda hivyo hivyo huna kitu, kaa nao, osha vyombo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi siku niliyomaliza kulipa nilishika simu nikakosa wa kumpigia; niliyemtaka ni Furaha, naye hayupo.

Mungu akufungulie riziki, akupe afya ya kufika mwisho. Na siku hiyo ikifika, nikiwa hai, unipigie mimi.