Njia za Kwenda Kipini

Katika mtaa wote wa Makina, Nairobi, mtu aliyesemekana kuzijua njia za kwenda Kipini alikuwa Zeinabu, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Athi River. Hamdan, mtoto wa kaka yake, aliendesha lori la kupeleka simiti pwani. Kila aliporudi Nairobi alipita kwanza kwa shangazi yake, akanywa chai, akamwaga habari zote za safari, ndipo akaenda kulala.

Nafuna alikuwa mpangaji katika ua wa Zeinabu. Alikuwa ametoka Kimilili akiwa bibi arusi, akaletwa hapo na mumewe Wekulo, fundi wa injini. Hawakuwa wamejaliwa mtoto bado pale Wekulo alipopata kazi ya kutunza pampu ya maji huko Kipini, mji mdogo ulio mahali mto Tana unapoingia baharini. Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili.

"Acha nitangulie," alimwambia mkewe. "Nikipata nyumba nitatuma neno kwa Hamdan, nawe utakuja."

Akaenda. Nafuna akabaki, na ili asikae bure akaanza kupika chakula barazani kwa Zeinabu. Zeinabu alikuwa mjane, binti zake wote wameolewa Bombo na Kampala, huko Uganda, na nyumba ilikuwa imempwaya. Alimfundisha Nafuna pilau na maandazi ya iliki. Mafundi na wafanyakazi wa viwandani wakazoea kula pale. Walipaita kwa Mama Zeinabu, japo aliyeungua na moto tangu alfajiri alikuwa Nafuna. Hakujali. Zeinabu alimwita mwanangu, na alipougua malaria ni Zeinabu aliyemkanda kwa kitambaa cha maji.

Hamdan alipoleta samaki wakavu kutoka kwa Wekulo, Nafuna aliuliza neno moja tu: "Amesema niende?"

Zeinabu ndiye aliyejibu, kwa kuwa Hamdan alikuwa ameshalala. "Anakusalimu sana, mwanangu. Lakini njia imekatika. Tana imefurika, kivuko cha Garsen kimesombwa."

Safari nyingine njia ilikuwa kavu, ila majambazi walikuwa wakisimamisha mabasi msituni. Nafuna akauliza kama hakuna mashua kutoka Malindi. Zeinabu akatikisa kichwa: mashua zilipakia chokaa na mbuzi, na wanawake waliozipanda walitapika hadi wakazimia. Na ndege? Ndege ilikuwa ya wakubwa wa serikali. "Subiri," alisema. "Huko mtu huoza na joto na mbu, na njia zote zina siku zake."

Nafuna akasubiri karibu miaka mitatu. Kisha Hamdan akahamishiwa barabara ya Kisumu, na habari zikakauka kabisa.

Siku moja mwanamke aitwaye Mideva alikuja kula barazani. Mumewe alikuwa polisi aliyepewa kituo Garsen, naye alikuwa ametoka kumtembelea. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine akimshika sketi.

"Ulipitaje na watoto?" Nafuna alimwuliza. "Si njia ni mbaya?"

"Njia gani?" Mideva alicheka. "Mvua ikinyesha unangoja siku mbili tatu. Isiponyesha unapanda basi unaenda. Huyu wa mgongoni alilala mpaka Malindi."

Zeinabu alikuwa karibu, akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

Wiki hiyohiyo Nafuna alifunga nguo zake katika leso. Zeinabu alimsihi, akamtajia mamba, akamtajia homa. Mwisho akampa chupa ya chai na maandazi ya njiani.

Alipanda gari la moshi la daraja la tatu hadi Mombasa. Kutoka hapo alichukua basi, nalo likavuka Kilifi juu ya feri iliyotulia kama kitanda. Wauzaji wa korosho walizunguka madirishani. Mzee mmoja aliyekaa karibu naye alimwuliza aendako, naye alipomjibu, mzee akasema, "Aa, Kipini. Kesho jioni utakuwa umefika," kama mtu anayemwelekeza mwenzake dukani. Nafuna alitazama nje. Alikuwa amejiandaa kwa hofu, na hofu haikuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi: kila basi lilivyozidi kwenda vizuri ndivyo shaka ilivyozidi kumwingia.

Huko Garsen wanaume walikivuta kivuko kwa kamba, wakiimba. Kina mama walikuwa wamekaa juu ya magunia wakinyonyesha. Hakuna aliyetetemeka. Ng'ambo alipata lori la kwenda Witu, na kutoka Witu lingine la kwenda Kipini. Dereva hakumwuliza chochote ila kama amekula.

Wekulo alikuwa kwenye kibanda cha pampu, mikono imejaa grisi. Alimwona, akaizima injini.

"Umefuata nini, Nafuna?"

"Nimekufuata wewe."

"Sasa?" Alijifuta mikono polepole. "Nimekuita mara ngapi? Mwaka wa kwanza nilimwambia Hamdan nyumba iko tayari. Mwaka wa pili nikamwambia tena. Akaniletea jibu kwamba hutaki. Ati huwezi kuoza na joto na mbu, na una biashara yako Nairobi."

"Hamdan alikwambia hivyo?"

"Alisema ndivyo ulivyomwambia shangazi yake."

Nafuna aliketi juu ya pipa lililopinduliwa. Maneno yale, kuoza na joto na mbu, aliyajua. Mtu mmoja tu ndiye aliyesema hivyo kuhusu pwani.

Jioni Wekulo alimpeleka nyumbani. Mwanamke mwembamba wa Kipokomo alitoka, mtoto begani, akampa mgeni kiti na maji ya kunawa. Hakuwa na hatia yoyote, na hilo lilimnyima Nafuna hata wa kumkasirikia. Walikula samaki kwa ugali.

"Unaweza kukaa," Wekulo alisema baadaye. "Sijakufukuza. Mlango wako upo."

"Lori lililonileta leo lilikuwa hapa miaka yote?"

"Lilikuwepo."

"Basi lingeweza kukuleta wewe uniulize kwa mdomo wangu."

Wekulo aliinamisha kichwa. "Nilikasirika," alisema. "Nikaona kama mtu hanitaki, nimbembeleze ya nini."

Asubuhi Nafuna alipanda lori la kurudi.

Zeinabu alimpokea mlangoni, macho yamemtoka kwa kutolala. "Njia ilikuwaje, mwanangu?"

"Nzuri," Nafuna alijibu. "Nzuri sana. Tena ana mtoto."

Zeinabu aliishika nguzo ya baraza. Hakukana. "Binti zangu wote walienda," alisema. "Nawe ukienda, nibaki na nani? Nilisema mwaka huu tu, mwakani nitamwacha. Mwaka ukifika, nasema tena."

"Ungeniomba nibaki."

"Ungekubali?"

Nafuna alifikiri kwa kweli. "Sijui. Hukunipa nafasi ya kujua."

Kabla ya Jumapili alikuwa amehamia Kawangware, akaanza kupika upya chini ya mabati matatu. Wateja walimjia, maana mkono wake ulikuwa uleule. Hakuolewa tena. Watu wa huko walimjua kwa jambo moja: ukimletea salamu za mtu alikuzuia kwa kiganja, akasema, "Mwambie aje mwenyewe." Hata habari za msiba kwao Kimilili hakuzipokea kwa mjumbe, alipanda basi akaenda kuona.

Miaka kumi ikapita. Asubuhi moja ya baridi Zeinabu alitokea Kawangware kwa miguu, fimbo mkononi, ameshazeeka, buibui limelowa matope pindoni. Alisimama mbele ya meko, pumzi zikimshinda.

"Nimekuja mwenyewe," alisema.

Nafuna alimvutia benchi. Akammiminia chai, akamwekea andazi, akarudi kwenye karai lake la mafuta. Zeinabu alizungumza kwa muda mrefu na kulia kidogo. Nafuna alisikiliza huku akigeuza maandazi, hakumkatiza wala hakumjibu. Mwishowe alimsindikiza hadi kituo cha basi, akamshika mkono kwenye ngazi asianguke.

Wateja wake walimwuliza kama amemsamehe yule mama.

"Nimempa chai," alisema, akaanza kuosha vikombe.