Guruguru wa Nyuma ya Nyumba

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na nitakuandikia habari zake ingawa bado hujazaliwa, na mama yako simjui ni nani. Usinicheke. Najua nasaha ni kazi ya wazee, nami hata ndevu sijaota. Lakini wazee wana watu wa kuwasikiliza, na mimi hapa shuleni sina, basi nimekuchagua wewe. Utakapoyasoma haya nitakuwa mzee kweli. Yahesabu kama nimeyasema wakati huo.

Kwetu ni Kolo, kwenye miamba. Shule ya misheni ninayosoma iko huku Ugogo, mwendo wa siku nyingi kwa miguu, karibu na pale Wadachi wanapopitisha reli yao. Nilipofika nilijikuta Mrangi peke yangu. Wenzangu karibu wote ni Wagogo, na Kiswahili tunakijua sote, lakini Kiswahili kilikuwa cha darasani. Kicheko kilikuwa cha Kigogo. Wakicheka, mimi nabaki kuitazama midomo yao.

Halafu nina haya, mwanangu, na kama umenirithi hapo nisamehe. Hapa tunakula kwa makundi, kila kundi na sinia lake. Hakuna anayekupangia, inabidi ujue mwenyewe pa kukaa. Mimi sikujua. Nikawa nachukua matonge yangu na mboga kwenye kibakuli, nakwenda nyuma ya ghala la mtama, naegemea ukuta, nakula nikijifanya napenda kivuli. Muhula mzima nilipenda kivuli.

Sasa, mwalimu wetu Mzungu ana ugonjwa mmoja: mijusi. Rafu yake imejaa chupa, na ndani ya kila chupa mjusi amelala kwenye maji makali. Siku moja alileta picha kubwa ya kitambaa, akaitundika ukutani, na humo ilikuwamo mijusi ya dunia nzima. Sijapata kukaa kimya namna ile kwa furaha. Alikuwamo mmoja mwenye ngozi pana ubavuni, anaruka toka mti hadi mti kama jani. Mwingine anaogelea baharini na kula majani ya chumvi chini ya maji. Mwingine ana miiba mwili mzima, anaishi jangwani, na umande ukimwangukia ngozi yake inaubeba mpaka mdomoni. Mwingine anafungua kola shingoni kama mwavuli ili kumtisha adui. Na wengine hawana miguu kabisa, watu wanawaua wakidhani ni nyoka. Maskini, kufa kwa kosa la jirani.

"Wote hawa ni ukoo mmoja," mwalimu akasema, "na hakuna anayeishi kama mwenzake."

Kisha akatoa sharti. Kundi litakaloleta mjusi wa aina isiyomo kwenye chupa zake halitateka maji wiki ile. Mwanangu, wewe hujui maji ya Ugogo wakati wa kiangazi. Unakwenda mbali mpaka korongoni, unachimba mchanga kwa mikono, unasubiri maji yajikusanye kidogo kidogo, halafu unarudi na debe kichwani huku shingo inaingia kifuani. Darasa zima lilipiga kelele.

Jioni ile Chibago akanifuata. Chibago ndiye mkubwa wa sinia kubwa, kijana wa Hombolo mwenye mabega kama mlango.

"Wewe, Mjusi wa Kolo! Kwenu si mawe matupu? Unaweza kuwakamata hawa ndugu zako?"

Wote wakacheka. Mimi nikatikisa kichwa juu na chini kama gorong'ondwa anavyofanya akiota jua, na hilo likawachekesha zaidi. Lakini kesho yake nilimletea gorong'ondwa mwenyewe, kichwa chekundu na mwili wa buluu. Kwetu tunamkamata kwa fimbo ndefu yenye kitanzi cha singa ya mkia wa ng'ombe. Unakipeleka polepole mbele ya pua yake, naye anakitazama tu kama mtu anayevishwa shanga.

"Sogeeni," Chibago akawaambia wenzake. "Mjusi akae."

Nikakaa. Mkono wangu uliingia kwenye sinia pamoja na mikono mingine, na chakula kilekile cha kila siku kikawa na ladha nisiyoijua. Baada ya hapo nikaleta mjusi kafiri kutoka kwenye dari la tembe, na mjusi islamu mwenye mistari, na mtoto wa kenge kutoka korongoni ambaye nusura aninyofoe kidole. Hata kinyonga nilimleta, ambaye wao hawamgusi. Walikimbia wote, na Chibago alikuwa wa mbele.

Lakini kila shimo lina mwisho wake. Ikafika siku nikaja bila kitu, na tena bila kitu.

"Mjusi, vipi? Mkono mtupu haulambwi, bwana," Chibago akasema. Alisema kwa utani. Ila nilipofika kwenye sinia, mabega yalikuwa yamebanana na hakuna aliyesogea. Nikaona kivuli cha ghala kinaniita. Nikasema upesi, kwa sauti hata mimi sikuitambua, "Nyumbani kwetu kuna guruguru."

"Mkubwa?"

"Kama mkono wangu huu."

"Likizo ikiisha unakuja naye?"

"Nakuja naye."

Wakasogea.

Nilikwenda likizo nikiwa na kikapu chenye kifuniko. Bibi yangu, aliyenilea, anaishi peke yake tangu nilipoondoka. Guruguru yule anakaa kwenye ufa wa mwamba nyuma ya nyumba. Kwetu ukijenga karibu na mwamba huwafukuzi waliomo. Wao ni wenyeji, wewe ndiye uliyewakuta. Babu alipojenga alimkuta guruguru, labda huyuhuyu, labda baba yake, na tangu hapo kila asubuhi huwekewa kitu kidogo juu ya jiwe.

Asubuhi ya pili Bibi alikwenda kuokota kuni. Nikachukua fimbo na kitanzi. Guruguru akanisikia, akaingia ufani, akajaza pumzi mpaka mwili ukakazana na jiwe pande zote mbili, kama kabari. Nikawa nimelala kifudifudi, mkono ufani, navuta. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kwelikweli. Ndipo nikaona miguu ya Bibi kando ya kichwa changu.

Hakupiga kelele. Aliutua mzigo wa kuni, akakaa juu yake.

"Unamtakia nini?"

Nikamwambia yote: maji, picha, sinia. Hata ghala nilimwambia, jambo ambalo sikupata kumwambia mtu. Alisikiliza akiondoa vijiti kwenye kanga yake.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi nikiamka hapa namwambia huyu, umeamkaje. Hajibu, lakini anatoa kichwa. Ukimchukua, kesho nani atatoa kichwa?"

Nikaacha kuvuta, lakini mkono ulibaki ufani.

"Na hao wenzako, unawalisha mijusi wakupe nafasi. Sawa. Mijusi ya nchi ikiisha utawalisha nini? Utakuja kunichukua mimi?"

Akacheka mwenyewe, kicheko kidogo, halafu akajifuta macho akisema ni vumbi la kuni. Mimi niliutoa mkono ufani. Mwanangu, mpaka dakika ile nilidhani upweke wote wa dunia uko nyuma ya ghala letu. Kumbe mwingine ulikuwa nyuma ya nyumba yetu, umewekewa tonge juu ya jiwe kila asubuhi.

Siku zote zilizobaki niliamka mapema kabla ya guruguru, nikamwamkia Bibi mimi wa kwanza. "Shikamoo Bibi." Akawa anaitikia marahaba kwa sauti ndefu, kama mtu anayekunywa maji. Siku ya kuondoka alinifungia karanga kwenye kikapu kilekile.

Nilirudi shuleni. Chibago alifungua kifuniko, akaona karanga, akanitazama.

"Guruguru yuko wapi?"

"Ana wenyewe."

Walikula karanga zote, hilo walilifanya. Lakini mchana mabega yalibanana, nami nikabeba kibakuli changu. Na safari hii, sijui kwa nini, labda kwa ajili ya kichwa cha guruguru, sikukaa mahali pangu. Nilizunguka kona ya ghala.

Upande wa pili alikuwa ameketi kijana, mgongo ukutani, kibakuli mapajani. Petro, Msandawe wa darasa la chini, ambaye wakimsikia akisema Kisandawe wanamwigiza kwa kugonga ndimi kwenye kaakaa. Alishtuka kuniona.

"Kumbe ni wewe," akasema, "unayesema peke yako 'mwanangu, mwanangu'. Una mtoto?"

"Bado," nikamwambia. "Naye anayekohoa kila siku ni wewe?"

"Ni mimi."

Muhula mzima tulikuwa tumeegemea ghala moja, tumetenganishwa na kona ya udongo mkavu tu. Nikaketi kando yake. Nilimwuliza kwao wanamwitaje guruguru, akaniambia. Nilijaribu kulitamka, akacheka mpaka akapaliwa, na nikagundua kwamba kucheka kwake nilikuwa nakuelewa.

Ningependa kukuandikia kwamba tuko naye mpaka leo. Baada ya mvua baba yake alikuja kumchukua, mifugo haikuwa na mchungaji. Sasa nakula tena peke yangu. Ila nakula kwenye kona, mahali ninapoziona pande zote mbili za ghala, maana huenda mwaka huu atakuja mwingine.

Basi sikia, mwanangu. Usinunue nafasi kwenye sinia la watu kwa kitu cha mwenye kukupenda. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na anayekufaa kwa mijusi atakuacha mijusi ikiisha. Haya zako zisikutie aibu. Kwenye ile picha mwenye kola na asiye na miguu wako kwenye kitambaa kimoja, na aliyewaumba hakumwambia yeyote aombe radhi. Lakini usijaze pumzi ufani ukadhani umejificha usionwe na mtu. Kila asubuhi toa kichwa. Msalimie aliye karibu kabla hajakusalimia, na ukila peke yako, zunguka kwanza ukuta uone.

Mungu akupe mwamba wa kuota jua, na ufa wa kukimbilia, na mtu mmoja wa kukuuliza umeamkaje. Na siku utakayonisoma, njoo unisalimie. Nitaitikia kwa sauti ndefu.