Dakika Ishirini za Chiriku

Duka la Mama Vifungo lilikuwa na upana wa mlango mmoja: nyuzi ukutani, mabakuli ya vifungo mezani, zipu zimening'inia darini kama mikia. Wateja walimjua kwa ubishi wa bei. Wachache walijua kwamba yule mtoto mtundu waliyemsikia kwenye televisheni kila Jumamosi ndiye huyu huyu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye magoti yanayolalamika akipanda ngazi.

Kazi ile aliipatia hapo hapo dukani. Msimamizi wa studio ya kuingiza sauti kwenye filamu za kigeni alikuja kutafuta zipu ya suruali, akataka kupunguziwa mara ya tatu, na Mama Vifungo aliyekwisha kumchoka akamjibu kwa kilio cha mtoto aliyenyang'anywa mpira. Yule bwana akalipa bei kamili, kisha akauliza kama anaweza kulia vile mbele ya kipaza sauti.

Studio akamkuta Chiriku, mshona mapazia aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza. Kwa miaka kumi na tisa walisimama ubavu kwa ubavu katika chumba kidogo kilichozibwa kuta kwa magodoro, wakawa wavulana, wasichana, sungura, na hata chura mmoja mwenye mafua. Walikuwa na mbinu yao. Asiyesema humshika mwenzake kifundo cha mkono, na midomo ya mtoto kwenye skrini ikianza tu kufunguka, humminya. Ndiyo maana hawakuchelewa.

Filamu yao ya mwisho ilitengenezewa televisheni kutokana na riwaya ya watoto. Wavulana wawili, Mnene na Mwembamba, wanaunda kigari cha mbao cha kushindana mteremkoni. Mnene anaugua, anakufa, na Mwembamba anateremka peke yake. Mama Vifungo alipewa Mnene, Chiriku akapewa Mwembamba, akanuna siku nzima. Alidai shoga yake ana bahati, anakufa mapema na kurudi dukani, ilhali yeye anabaki kulia dakika ishirini kwa malipo yale yale.

Dakika hizo hakuzifikia. Uvimbe wa ini, ambao alikuwa akiufunika kwa vidonge vya maumivu, ulimwangusha mle mle studio, na wiki ya tatu wakamzika. Mama Vifungo aliyaendesha mazishi kama anavyopokea mzigo: akakataa jeneza la kujionyesha, akapata maturubai kwa nusu bei, akahakikisha kila aliyekuja amekunywa chai. Hakulia. Watu wakanong'ona kwamba ana roho ngumu, naye akawasikia, akaendelea kukusanya vikombe.

Jumatatu msimamizi akamwita. Alikuwa mpole kupita kawaida yake, na hilo pekee lilitosha kumtia Mama Vifungo wasiwasi. Alieleza kwamba Mwembamba hawezi kuwa na sauti mbili. Amepatikana binti mwenye sauti nzuri, watarudia naye yote tangu mwanzo, na ile ya marehemu itafutwa.

Mama Vifungo akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Kurudia yote ni siku ngapi?"

"Wiki mbili."

"Na filamu inarushwa lini?"

Msimamizi akakohoa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu.

"Basi huna binti, bwana. Una mimi. Alipofika Chiriku hapaguswi. Palipobaki nitapasema mimi kwa sauti yake, na mwisho liandikwe jina lake peke yake. Langu litoe kabisa, watu wasije wakaanza kuulizana."

"Na malipo ya hiyo kazi ya ziada?"

"Mpelekee mama yake. Sikuombi kitu, ninakuokoa."

Msimamizi akataka kusikia kwanza. Mama Vifungo akamwambia, kwa sauti ya Chiriku yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kwamba kabla ya kumpima mtu aangalie zipu yake mwenyewe. Fundi mitambo, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, alikiweka chini akatoka nje.

Kazi ngumu ilikuwa pale Mwembamba anapoketi kando ya kitanda na kumwita mwenzake. Maneno ya Mnene yalikuwa yamesharekodiwa. Kwa hiyo masikioni Mama Vifungo alijisikia mwenyewe akikata roho, na mdomoni mwake Chiriku alikuwa akimbembeleza asiende. Alichelewa mara sita. Fundi akajitolea kuja kumshika mkono, akaambiwa abaki na mitambo yake. Mara ya saba ikakubali. Mama Vifungo akavua vipokea sauti, akaenda kunawa uso, akarudi kumalizia dakika zilizobaki.

Filamu ilirushwa Jumapili alasiri. Aliitazama nyumbani kwa mama yake Chiriku, kikongwe aliyekwisha kupofuka, anayesikiliza televisheni kama redio. Mama alicheka kila mwanawe alipofungua mdomo, akampiga Mama Vifungo paja, akasema mtoto huyu tangu tumboni alikuwa msumbufu. Walipofika kitandani kwa Mnene aliacha kucheka, akainamisha kichwa upande mmoja. Akakaa hivyo mpaka mwisho.

"Umemmalizia wewe," alisema.

Mama Vifungo alikuwa amekuja na uongo mkononi, umepangwa vizuri. Haukutoka.

"Ndiyo, mama."

"Toka wapi?"

"Toka pale kitandani."

"Kwa hiyo neno lake la mwisho lilikuwa lipi?"

Alilijua. Mwembamba yuko mlangoni kwa rafiki yake, anamwita waingize kigari ndani. "Toka upesi, mvua inakuja."

Kikongwe akayarudia maneno yale taratibu, mara mbili, kama anayeonja.

"Hebu yaseme wewe. Kama yeye. Mara moja tu, mwanangu."

Mama Vifungo alikuwa na sauti ile kooni, na mkwaruzo wake. Lakini kichwa chake kilizoea kutazama mbali kuliko mteja. Leo mara moja, Jumapili ijayo mara mbili, na mwisho angekuwa anakuja hapa kila wiki kumfukua Chiriku kwa mdomo wake, na kati yao wawili asingepatikana wa kumzika.

"Siwezi, mama. Imeniishia kule studio."

Kikongwe hakubembeleza. Alinyoosha mkono, akampapasa usoni, akakuta pamelowa. Akauacha mkono pale pale. Kwenye televisheni walikuwa wameanza kutangaza sabuni, na hakuna aliyeinuka kuizima.