Bata Wangu Hawakufa, Mama wa Watu Akaitwa Mchawi

Mwenye ukurasa, nakuomba jina langu lisitoke kabisa, maana Mpanda tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nane, nina mke na wajukuu, naishi Kawajense, na kanisani ni mzee wa kanisa. Haya ninayoandika hata mke wangu hayajui.

Miaka ya tisini nilikuwa kijana, na ugonjwa wangu ulikuwa ndege. Si kuku wa kula, jamani, kuku wa kutazama! Nilikuwa na kuku wafupi wa kidimu, wale ambao manyoya yao yamejikunja kurudi nyuma, jogoo mzima unambeba kwa mkono mmoja. Na bata wadogo weupe wenye kishungi kichwani. Niliwatoa Tabora kwa treni, ndani ya tenga, njia nzima nawanyunyizia maji. Majirani walinicheka: "Mwanaume mzima unafuga maua?" Nilikuwa na hasira za karibu, nikawajibu kwamba wao wanafuga wivu. Nilichagua mwenyewe nani apandane na nani, na kifaranga kikitoka na manyoya yaliyokunjika vizuri, siku hiyo sili kwa furaha.

Mwaka mmoja mdondo ukaingia mtaani. Asiyeujua ashukuru. Kuku anasinzia, anaharisha kijani, shingo inapinda, kesho umemzika. Vidimu wangu waliisha ndani ya wiki moja. Nililia, sioni aibu kusema. Bata tu ndio walibaki, sita, wazima kabisa. Bwana mifugo akapita, akanionya ana kwa ana: "Hao bata usiwatoe hapa. Wao hawaumwi, lakini wanabeba ugonjwa." Nikamwitikia, sawa mzee.

Kwetu nyie mnajua, mdondo ukiingia mtu anakimbiza mifugo kwa ndugu. Kila mtu alifanya hivyo. Asubuhi yake nikafunga tenga kwenye baiskeli, nikawapeleka bata Mwamkulu kwa dada yangu, wa kwanza kwetu, aliyeolewa huko. Nikamwambia nawaleta waogelee kwenye majaruba ya mpunga. Habari ya mdondo sikuitaja. Nilijua angenirudisha mlangoni.

Pale kwa dada aliishi mama mkwe wake, mjane, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, yale ambayo kwetu watu huyaita ya kichawi. Yule mama aliwapenda bata wangu kuliko watu. Akawa anawapa pumba mkononi, anaongea nao Kipimbwe, na wao wanamfuata nyumanyuma mpaka kisimani. Dada alikuwa na kuku wa kienyeji wanaojaza uwanja, ndio chumvi yake na ndio madaftari ya watoto. Siku chache tu wakaanza kusinzia. Hakubaki hata mmoja. Bata wakawa wanaogelea.

Dada akachanganyikiwa. Akaita kikao cha familia, na mimi nikaitwa kama ndugu wa mke. Akasimama mbele ya watu akasema, "Kuku wangu wote wamekufa. Mbona bata wanaokula mkononi mwa mama huyu hawafi? Amewakinga wake, akala wangu!" Watu wakaguna. Shemeji, mtoto wa kumzaa wa yule mama, akainamisha kichwa. Yule mama hakulia. Akanitazama mimi, akasema taratibu, "Mwanangu mwenye bata, sema. Ulikotoka kuku walikuwa wazima?"

Nikasema, "Walikuwa wazima."

Mungu wangu. Maneno mawili. Nilimwogopa dada, na niliwaogopa wale watu waliokuwa wamekasirika. Nikajiambia hasira zikipoa nitamweleza dada pembeni. Kesho yake yule mama akapakiwa kwenye baiskeli na kifurushi chake, apelekwe kwa kaka yake upande wa Majimoto, na mvua inanyesha. Bata wakamfuata mpaka barabarani, ikabidi watoto wawarudishe kwa fimbo. Hakumaliza masika hayo. Alifia huko, na sisi hatukwenda kuzika. Mimi ndege sikufuga tena, nikisikia bata wa jirani najisikia vibaya.

Sasa sikieni kilichonifanya niandike. Dada yangu leo ni mzee, shemeji ameshafariki, anaishi na mtoto wake wa kiume na mkwewe palepale Mwamkulu. Macho yake na yeye yamekuwa mekundu. Bata wenye kishungi bado anao, ni uzao wa wale wangu. Mwezi uliopita mdondo umeingia kwao, kuku wa mkwewe wamekwisha wote, bata hawajaguswa. Dada akanipigia simu analia: "Mdogo wangu, huyu binti ananiuliza mbona bata zangu hawafi. Anasema ukoo huu una historia. Mimi si mchawi! Au yule mama ameniachia laana?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Wameitisha kikao Jumamosi, na mimi nimeitwa kama mjomba. Nikieleza habari ya bata, dada atapona, lakini hapohapo atajua kwamba alimfukuza mama asiye na kosa akafa, na kwamba mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nikijua. Ana presha. Amenilea baada ya mama yetu kufa, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Nikinyamaza, safari hii atakayepakiwa na kifurushi ni yeye. Nitukaneni mkitaka, nimestahili, ila nielekezeni: nimfuate dada kwanza nimweleze tukiwa wawili, au nisubiri nisimame mbele ya wote? Maana najijua, wakinitazama wote pale nikaulizwa tena kama bata walikuwa wazima, sina hakika mdomo wangu utasema nini.