Baba Amelala

Mume wangu alioka mikate zamu ya usiku. Asubuhi alirudi na unga kwenye nyusi, akala bila neno, akaingia chumbani. Hapo nyumba nzima ilinywea. Redio marufuku, watoto wananong'ona, jirani akicheka namkaripia: "Mwenzenu kalala!" Niliona nimeolewa na bubu, nikajipa moyo kwamba ni uchovu.

Juzi, baada ya mazishi yake, mlinzi wa kiwandani kwao alikuja kunipa pole. Akasema usiku, wakisubiri unga uumuke, yeye na mume wangu walikaa juu ya magunia wakipiga soga mpaka kuche. Alijua hata ni mtoto wetu yupi anaogopa mende.

"Kumbe alikuwa na maneno!" nikafoka. "Hapa kazi yake kulala tu."

"Kulala wapi, shemeji? Mchana hakupata hata lepe la usingizi. Alijilaza akisikiliza minong'ono yenu, akitamani mmoja wenu aingie wazungumze. Aliona haya kuwaambia, mlivyojinyima kwa ajili yake."

Mlango ule niliufunga mimi, kila asubuhi, nikasokomeza na kitambaa chini yake sauti zetu zisimfikie.