Jina Tulilompa Wifi

Mimi ni kiziwi, ni fundi cherehani, na nina hasira za karibu. Nayataja yote matatu kwa sababu katika hadithi nilizowahi kusoma hakuna mtu wa aina yangu. Kiziwi wa kwenye hadithi ni mpole. Anatabasamu mlangoni, anabeba ndoo, anaonewa na mama wa kambo, na mwisho wa kitabu ama anakufa ili wenzake walie, ama masikio yanazibuka ili wenzake washangilie. Kumtukana mtu hata mara moja, hapana. Ukitaka kujua kama mwandishi hajawahi kukaa na kiziwi, angalia hapo tu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hakuwa hata na kosa hilo, maana yeye alikuwa hatuandiki kabisa. Kwa kazi alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kutwa nzima aliwaambia watu waliovimba mashavu kwamba daktari anakuja sasa hivi, na daktari hakuwa anakuja. Katikati ya uongo wa kazini aliandika uongo wake mwenyewe chini ya kaunta: majumba yenye ngazi za kuzunguka, mapacha waliobadilishwa hospitalini, bibi kizee aliyeficha wosia ndani ya piano. Mtu mwenyewe hajawahi kuishi kwenye nyumba yenye ngazi. Tajiri pekee aliyemfahamu ni yule daktari wa meno, naye alimfahamu zaidi kwa mgongo, akiwakwepa wagonjwa kupitia mlango wa stoo.

Alikuwa anakaa kwetu, chumba cha uani. Wachapishaji walimrudishia miswada yake mmoja baada ya mwingine, na kila ukirudi alipika akiwa amenuna, chakula kikaungua.

"Dada yangu ana kipaji," mume wangu alimtetea.

"Kipaji cha kuua masufuria," nilimjibu.

Jambo moja nampa haki yake. Lugha yetu ya alama aliijua vizuri, na hakujifunza kwa huruma. Alijifunza kwa umbea. Alikuwa akinikuta mezani na rafiki zangu, mikono inaruka, watu wanacheka mpaka machozi, na roho ilimuuma kutojua nani anasengenywa. Haukupita muda mrefu, wifi akawa anaweza kumsema jirani kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. Salamu na maneno ya heshima alijifunza baadaye, bila haraka.

Jumamosi, kliniki ikifungwa mapema, alinipitia kazini. Pale tunashona sare na mapazia, na wote ni viziwi isipokuwa msimamizi. Mlangoni hakuna kengele. Mgeni akibonyeza kitufe, inawaka taa nyekundu ukutani. Ukimtaka mwenzako unapiga sakafu ya mbao kwa kisigino, naye anaipata kwa nyayo. Tatizo letu ni soga, kwa sababu ukiongea mikono inaacha kitambaa. Msimamizi akiona cherehani zote zimesimama anajua kuna mtu anasengenywa, na mara nyingi ni yeye.

Kila mmoja wetu ana jina la ishara, na jina hilo hujipi mwenyewe. Wenzako wanakutazama mpaka wapate kitu, na hawatafuti kizuri. Mkata vitambaa, mkubwa wetu pale, ni Kitambi: mkono unachora duara mbele ya tumbo. Msimamizi ni Kamasi, nisieleze. Mimi ni Mikono-Kiunoni. Wifi hakuwa na jina. Tulipomtaja tulimwonyesha kwa kidole, kama unavyoonyesha kiti. Jambo hilo lilimkera sana, akamwendea Kitambi kudai lake.

"Bado hujafanya kitu," Kitambi alimwambia, akarudi kwenye mkasi wake.

Basi siku moja mhariri fulani alirudisha mswada wa mapacha na kumwandikia aache majumba, aandike watu anaowajua. Wifi alikaa mezani kwangu akalia ndani ya kikombe cha chai.

"Mimi namjua nani, wifi? Najua meno tu."

Wakati huo mimi na rafiki yangu tulikuwa tunagombana juu ya pazia la mteja, tumesimama, vidole vinakatana hewani. Wifi akatutazama. Alitutazama muda mrefu kiasi cha kunitia wasiwasi, halafu akaomba karatasi.

Aliponiambia anamwandika fundi kiziwi, nilimpa masharti. "Asife. Asipone. Na asiwe mpole, nitakufukuza nyumbani."

Alipomaliza alileta mswada kazini. Kitambi alipanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, wakati wa chai, akaanza kutusomea kwa mikono. Mwanzo ulikuwa mtamu. Fundi wa kwenye hadithi alimtukana mteja kabla hata hatujajua anaishi wapi. Tulipunga mikono juu, ndivyo tunavyopiga makofi. Alimpenda kiziwi mwenzake, mchora mabango, jamaa mzuri asiye na akili nyingi. Wifi alisimama kwenye kona akiwa amevimba kichwa.

Kisha Kitambi akafika mahali umeme unapokatika. Chumba kimekuwa giza totoro, hata pua yako huioni, na wapenzi wetu wawili wamekaa kitandani wakiambiana siri za moyo kwa vidole, ukurasa baada ya ukurasa. Mikono ya Kitambi ikapunguza mwendo. Ikasimama. Akaangalia karatasi upande wa pili kuona kama kuna mshumaa.

"Hawa wanaongea na nani?" akauliza. "Na mbu?"

Watu walivunjika mbavu. Mmoja alianguka kwenye lundo la mapazia na hakutaka kuinuka. Kitambi aliigiza mchora mabango akimwaga mapenzi yake gizani huku mpenzi wake, pembeni, amelala zamani. Wifi alikuwa amepigwa na butwaa, uso unamwaka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefura.

"Umekaa kwangu miaka yote hii," nilimwambia. "Umeme ukikatika huwa nafanyaje?"

"Unamshika kaka mkono," alisema taratibu. "Unamwandikia kiganjani."

"Na nikigombana naye, nikichoka na hoja zake?"

Akafumba macho. "Unazima taa."

Ni kweli. Ndoa yangu imedumu kwa swichi. Mume wangu ana maneno mengi, na ili anijibu lazima nimwone. Nikishasema langu la mwisho nabonyeza, na yeye abaki na ufasaha wake gizani. Wifi aliyaona hayo tangu siku ya kwanza, akayaona ni ya nyumbani tu, hayafai kitabu. Kitabuni aliona aweke mapenzi.

Nilidhani ataudhika na kurudi kwa matajiri wake. Njiani kurudi nyumbani alikuwa anacheka peke yake.

"Wifi, nimeandika watu maisha yangu yote," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nimekosea. Wale wa kwenye majumba ningewaua, ningewafufua, hawaji kulalamika. Nyinyi mmelalamika."

"Tutalalamika tena."

"Ndiyo ninachotaka. Nataka kuandika watu wanaoweza kunifokea."

Alirekebisha. Fundi wa hadithi akapata swichi yake. Kila kipande alikileta kwa Kitambi, naye alikikosoa kwa furaha ya mtu aliyepandishwa cheo. Hatimaye mhariri yuleyule aliusoma mswada na kumwita ofisini. Wifi alinitaka niende naye. Alivaa viatu vya kuazima na usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, akanizuia na mimi kulala.

Ofisi ya mhariri ilikuwa na madirisha, ila yamezibwa na marundo ya vitabu visivyonunuliwa, kwa hiyo taa iliwaka mchana kutwa. Mhariri alivaa miwani ya kamba. Alizungumza na wifi, na wifi akanitafsiria.

"Mwambie dada kitabu kimenigusa."

"Yupo hapo, mwambie mwenyewe."

Akanigeukia na kufungua mdomo wote, taratibu, kama anayemlisha mtoto. Niliona mpaka jino la mwisho. Chini ya meza wifi aliniambia kwamba lile linatakiwa kung'olewa.

Kisha mkataba ukawekwa mezani, na kalamu juu yake. Kulikuwa na kitu kimoja tu kidogo, alisema mhariri. Mwishoni fundi asikie. "Upasuaji, maombi, radi, chagua wewe. Wasomaji wanataka tumaini."

Wifi alinitafsiria bila kupunguza, kisha mikono yake ikatulia mapajani. Alikuwa anaitazama ile karatasi. Aliitaka kabla sijaolewa na kaka yake. Nadhani aliitaka kabla hajajua kupiga mswaki. Nikamwonea huruma, na huruma si kawaida yangu.

"Weka sahihi," nilimwambia. "Mzibue masikio, na ukiwa hapohapo mpunguze na kiuno. Mimi sitakufa."

Niliyasema kwa moyo mmoja.

"Na Kitambi?"

"Atakutukana, halafu atasahau."

"Hatasahau," alisema, na mimi nilijua hatasahau.

Muda wote huo mhariri alikuwa anaendelea kuongea juu ya soko. Wifi aliinua kiganja kumsimamisha, hakusimama. Mwisho alisema kitu kilichomfanya wifi ageuke amtazame vizuri. Alinitafsiria hata hicho: "Nani anataka kusoma kiziwi anayebaki kiziwi?"

Wifi akainuka. Swichi ilikuwa ukutani nyuma ya kiti chake. Akabonyeza.

Kwangu mimi mazungumzo yaliishia pale, na yaliisha vizuri. Mhariri aliendelea, maana wenye masikio hawana namna ya kuzimwa. Nilihisi meza ikitetemeka alipoipiga. Kisha mkono wa wifi ukaupata wangu gizani, ukafungua kiganja, na kidole chake kikaandika: TWENDE.

Nje, juani, mbele ya duka la misumari na rangi, alisimama ghafla.

"Nimefanya nini, wifi?"

"Umepoteza kitabu."

Alilia palepale barabarani, watu wakipita wakitushangaa. Nilimkumbatia. Siku ile nilimpenda kuliko ninavyompenda kaka yake, na kaka yake asisome hapa.

Hakuna mchapishaji mwingine aliyekuja mbio. Wifi yuko kliniki bado, anadanganya wenye mashavu. Ila hadithi tuliituma kwenye kundi letu la simu, sura kwa sura, na kundi letu likaipeleka kwenye makundi mengine, mpaka viziwi wa miji tusiyoijua wakawa wanamwandikia kumuuliza kwa nini mchora mabango ni mjinga hivyo. Wengine wanatishia. Yeye husoma malalamiko hayo wakati wa chakula, anang'aa, na chakula hakiungui tena.

Jumamosi iliyofuata baada ya kule ofisini, taa nyekundu iliwaka ukutani. Mimi nilikuwa nimeshawasimulia wote, cherehani zikiwa zimesimama na Kamasi akihema mlangoni. Wifi aliingia macho yamevimba, akijua watu wote wanajua. Kitambi alishusha mkasi. Akamkazia macho, akanyoosha kidole gumba, akakibonyeza hewani kwenda chini, na kufumba macho.

Mafundi wote wakairudia. Gumba chini, macho yamefumbwa. Zima-Taa.

Wifi alielewa. Midomo ikamcheza. "Nilitarajia kitu kizuri kidogo," alisema.

"Vizuri wanapewa wageni," Kitambi alimjibu, akamsogezea kiti. "Kaa chini, Zima-Taa. Sura uliyoleta ina makosa."