Salamu za Mstarini Kagunga

Siku niliyofunga mzigo wangu niache kazi, mwanangu, hata leo naikumbuka na harufu yake: dagaa walioanikwa mchangani, moshi wa kuni mbichi, na jasho la watu waliotembea milimani wakiikimbia Burundi. Ilikuwa Kagunga, kijiji cha ufukweni pale mpakani, miaka ile ya wakimbizi. Nilikuwa binti wa mtaa wa Kasingirima, kibarua katika shirika kubwa la misaada. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea waliovuka mpaka, kuwauliza wako na nani, na ni nani mgonjwa, kisha kuwapitisha kwenye mitumbwi iliyowapeleka melini, maana Kagunga haikuwa na gati.

Sasa, wewe unatujua sisi Waha kwa salamu. Humuulizi mtu shida yake kabla hujamuuliza alivyoamka, na nyumba, na watoto, hata ng'ombe. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu, na desturi ni ileile. Basi mimi nikawa nawasalimu wote, na mstari wangu ukawa unakwenda mwendo wa kinyonga.

Bwana Mallya, mkuu wetu wa kituo, alikuwa mtu wa Moshi. Hakuwa mbaya, ila ratiba ya meli ilimkaba roho. Akanijia mbele ya watu, akasema, "Dada Siwema, huu ni mstari, si harusi. Salamu watapeana wenyewe huko kambini."

Na siku hizo alikuwa anatafuta msimamizi wa mapokezi. Nafasi ile niliitamani mpaka nikaiota, kwa sababu sisi wenyeji tulikuwa vibarua miaka nenda rudi, na ajira ya kudumu walikuwa nayo waliotoka mikoa mingine. Nikaona ndiyo imeshanitoka. Nikanuna kimya kimya, nikaenda kufunga kanga zangu niwahi boti ya Kibirizi, inirudishe kwetu.

Mama Zaituni, muuguzi wetu mtu mzima kutoka Ujiji, akanikuta nakaza fundo. Nikamweleza yote.

"Na yeye umemwambia?"

"Mama, yule ni mkubwa. Mkubwa anaambiwa?"

"Haambiwi kwa kelele. Kwa adabu anaambiwa." Akakaa juu ya mzigo wangu, na mama yule alikuwa na mwili, kwa hiyo safari ikaahirishwa hapo hapo. "Umenieleza mimi. Ukifika kwenu utamweleza mama yako, kisha Kasingirima nzima. Mwenye uwezo wa kukusaidia ndiye hatajua kitu. Mficha uchi hazai, Siwema."

Yaliniuma maneno yale, kwa sababu nilidhani kunyamaza kwangu ni heshima, kumbe ilikuwa hofu tupu.

Asubuhi nikamfuata Bwana Mallya kabla mstari haujapangwa. "Shikamoo, bosi." Nikamwambia kwamba watu hawa ukiruka salamu watakujibu "ni sawa" kwa kila swali, hata wakiwa na shida ya kuua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wanaosubiri nyuma juani, Siwema, watoto wao wakizimia je?"

Mimi nilikuwa na haki, na yeye alikuwa na haki, na hilo sikulifikiria wakati nafunga kanga. Nikautazama mstari unavyojipanga, nikasema, "Basi niwasalimu wakiwa wanasubiri. Nipite mimi kwao, wakifika mezani wasikawie." Akasema nijaribu siku hiyo tu, tuone.

Nikaanzia nyuma. Bibi mmoja, aliyekwisha kumwambia kijana wetu wa kupanga mstari kwamba hana shida yoyote, akanishika mkono tukasalimiana. Tulipofika kwenye habari za watoto akaanza kulia. Mkamwana wake alikuwa amebaki kwenye njia ya mlimani, ameshikwa na uchungu wa uzazi, na bibi aliona aibu kumtajia mambo hayo kijana wa kiume ambaye hata salamu hakumpa. Mama Zaituni akapanda na watu wa machela. Kabla jua halijazama, mtoto alikuwa analia ndani ya hema letu. Bwana Mallya akaja kumwona, akamsalimu bibi kwa Kirundi, "Amahoro", kwa lafudhi ya Kichaga, hema zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, machozi yakinitoka.

Cheo sikukipata mara ile. Alipewa mwingine, na sikufichi, nililia. Lakini salamu za mstarini zikawa utaratibu wa kituo, na kila mfanyakazi mpya aliyeletwa Kagunga alikabidhiwa kwangu nimfundishe. Bwana Mallya alipohamishwa, aliyependekezwa kushika mapokezi nilikuwa mimi. Ndiyo ajira yangu ya kwanza ya kudumu. Chanda chema huvikwa pete, ila pete nyingine huja kwa miguu.

Kwa hiyo wewe unayenilalamikia kwamba kazini hawakuoni, nami nakuuliza alichoniuliza Mama Zaituni: yeye umemwambia? Nenda ukamwambie, kwa adabu, maneno yako umeyapanga. Kisha tulia usikie na la kwake, maana nusu ya jibu huenda analo yeye. Akikataa kukusikia, funga mzigo wako uende, na radhi yangu unayo. Ila usianze na mzigo.

Mungu akupe mkubwa mwenye masikio, mwanangu. Na siku utakapokuwa mkubwa wewe, akuachie ya kwako.